Aibu Isiyo na Mwenyewe

Lubumbashi inajua kumheshimu mgonjwa. Akilazwa hospitali ya Sendwe, ndugu watalala uani na masufuria yao, watu wa kanisa watakuja na nyimbo na bahasha, na hata yule aliyegombana naye mwaka jana atapita kusema pole. Heshima hiyo ina sharti moja ambalo hatulitamki: ugonjwa uonekane ugonjwa. Uwe na homa, kikohozi, damu, mguu uliovimba. Ukija kwa sura ya tabia mbaya, hakuna anayeleta chakula.

Hebu tumuwaze baba mmoja wa kubuni, tusije tukamsema jirani wa mtu. Ana miaka 54. Ni mhasibu wa kampuni ya migodi, mzee wa kanisa, mwenye nyumba mtaani Katuba aliyoijenga polepole kila mshahara ulipotoka. Mwanzoni anaacha kuulizia watu. Binti yake anarudi kutoka hospitali mguu ukiwa kwenye plasta. Baba anautazama, kisha anauliza kama ugali wa bukari umeiva. Baadaye anashikwa na uchu wa vitu vitamu: chai vijiko saba vya sukari, vitumbua sahani nzima, kisha mkono unahamia kwenye sahani ya mgeni. Anacheka kwenye kilio. Anamwambia mke wa pasta, ibada ikiendelea, kwamba amenenepa vibaya. Kila siku saa nane anatembea hadi kwenye reli na kurudi kwa njia ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Halafu mkewe anagundua kwamba nusu ya kiwanja imeuzwa, kwa bei ya baiskeli, kwa kijana ambaye hakuna nyumbani anayemjua.

Na kumbukumbu yake ni nzima. Anajua tarehe za ubatizo wa watoto wote, namba ya matrikule ya marehemu baba yake kwenye kampuni ya Union Minière, na nani anamdai nani. Hapo ndipo sote tunapopotea. Tumezoea kuipima akili ya mtu kwa kusahau. Mzee anayemwita mjukuu kwa jina la mdogo wake aliyekufa zamani tunamsamehe, maana tunaona kwamba kuna kitu kimemtoka. Huyu wa Katuba hajatokwa na kitu kinachoonekana, kwa hiyo kila anachofanya kinahesabiwa kuwa amekitaka.

Majina ya kumwita yapo tayari na hayangoji daktari. Watasema ni pombe, ni lutuku. Watasema ana mwanamke Ruashi na pesa ya kiwanja imekwenda huko. Kwenye maombi atapewa pepo na siku tatu za kufunga. Akiwa wa kukaa kimya tu kwenye kiti, bila hamu ya lolote, wenye umri wataeleza kwamba wanaume wengi wa mji huu walikaa hivyo baada ya 2003, pale mpango wa kuondoka kwa hiari, ule Départ Volontaire, ulipowatoa watu zaidi ya 10,000 kwenye kampuni ya migodi ya Gécamines. Maelezo hayo yana ukweli wake, na ndiyo sababu yanafunika vizuri. Na ukoo, hasa kama kuna kifo kilichotokea karibuni, utaanza kunong'ona neno bulozi, yaani uchawi. Neno hilo likishatoka, sijawahi kuona cheti cha hospitali kinacholirudisha.

Ugonjwa ninaousema ni mkongwe kuliko mji wetu. Arnold Pick, daktari wa Prague, alimweleza mwaka 1892 mgonjwa ambaye ubongo wake ulikuwa umesinyaa mahali fulani tu, si wote. Hiyo ilikuwa miaka 18 kabla mji huu haujaanzishwa kwa jina la Élisabethville. Kwa muda mrefu uliitwa kwa jina la Pick. Leo unaitwa kwa jina la mahali unapokula: sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na ncha za sehemu za pembeni, karibu na masikio. Madaktari wetu, waliosoma kwa Kifaransa, huandika kwenye faili herufi tatu, DFT, yaani démence frontotemporale. Mara nyingi huanza kati ya miaka 45 na 65, wakati mtu bado ana kazi, watoto shuleni na sahihi inayokubalika benki. Ndani ya chembe za ubongo protini zinaharibika na kujikusanya, moja inaitwa tau, nyingine TDP-43, na chembe zinakufa polepole. Dawa ya kuuzuia haijapatikana.

Kuna sura yake nyingine inayoanzia kwenye lugha: mtu anapoteza maneno, au maana ya maneno, kabla hajapoteza adabu. Waliokua wakitazama filamu za Bruce Willis kwenye vibanda vya video watakumbuka kwamba mwaka 2022 familia yake ilitangaza shida ya kusema, na Februari 2023 ikataja ugonjwa huu kwa jina. Lakini sura ya tabia ndiyo inayonisumbua zaidi, maana inagusa vitu ambavyo tulidhani si vya mwili.

Chukua haya. Tunaifundisha kwa fimbo, kwa methali, kwa macho ya mama yanayokukata ukiwa mbele ya wageni. Mwenye haya tunamsifu, asiye nayo tunauliza alilelewa na nani. Na malezi ni kweli, siyapunguzi. Lakini haya inapita mwilini. Uso unapata joto, moyo unaruka, tumbo linajikunja kabla hujamaliza kusema neno baya, na kuna sehemu za ubongo zinazopokea habari hizo na kuzifanya breki. Sehemu hizo ndizo za kwanza kuliwa na DFT. Mario Mendez na wenzake, huko Marekani, waliwachunguza wagonjwa wa aina hii na kuchapisha matokeo mwaka 2005: wengi bado walijua kanuni. Ukiwauliza kama kuiba ni vibaya, wanajibu ni vibaya. Kilichokosekana ni ule uzito ambao kwa wengine unakuja pamoja na jibu. Baba wa Katuba anaweza kukutajia amri zote kumi bila kukosea na bado akaondoka na simu yako.

Hii si habari nzuri kwa sisi tunaojivunia tabia. Ikiwa upole wangu unategemea kipande cha nyama kisichozidi kiganja, basi sehemu ya sifa ninazojipa ni zawadi tu ambayo bado haijapata ajali. Najua mahubiri mengi yanasimama juu ya wazo la kinyume. Sidhani yanaanguka yote, ila yanapaswa kusemwa kwa sauti ya chini kidogo.

Mwaka 2011 kundi la wataalamu wa nchi nyingi, wakiongozwa na Katya Rascovsky, walikubaliana juu ya ishara sita za sura ya tabia: kukosa breki, kupoa na kutotaka lolote, kupoteza huruma, kurudia-rudia jambo au njia ile ile, kubadilika kwa ulaji, hasa uchu wa vitamu, na kushindwa kupanga mambo huku kumbukumbu ikibaki nzuri kwa kadiri yake. Zikiwapo tatu kati ya sita, na hali ikizidi kuwa mbaya mwezi hadi mwezi, daktari anaweza kusema "huenda". Ili aseme "yaelekea sana", anahitaji kuona kwamba mtu ameshindwa maisha yake ya kila siku, na anahitaji picha ya ubongo.

Picha yenyewe si muujiza. IRM haioni haya wala huruma. Kwa nguvu ya sumaku inaona mahali nyama ya ubongo iliposinyaa, mifereji ikapanuka, na maji yakachukua nafasi iliyoachwa wazi. Ikiwa ni DFT, wembamba unaonekana mbele na kwenye ncha za pembeni, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine, wakati sehemu za nyuma zimebaki nene. Skana ya kawaida inaona kwa ukungu zaidi, ingawa uvimbe au damu iliyovuja havijifichi mbele yake. Kipo pia kipimo kinachoitwa PET: mgonjwa anadungwa sukari iliyotiwa alama ya mionzi, kisha mashine inatazama ni wapi ubongo unaitumia na ni wapi inatumika kidogo. Kwa hiyo mtu anayemaliza bakuli la sukari mezani ana kipande cha ubongo kinachoigusa sukari kidogo tu. Kejeli hiyo hakuitunga mwandishi.

Wenye uwezo Lubumbashi huvuka Kasumbalesa kwenda Zambia, hufika Johannesburg, hufika India, kutafuta picha na mtu wa kuisoma. Wengi hawaendi, kwa sababu gharama inatoka mfukoni, na ukoo ambao ungechangia operesheni ya tumbo hauchangii kupima ufidhuli. Na hata aliyeipata anaweza kuambiwa kwamba picha yake iko sawa, maana mwanzoni ugonjwa huweza kutangulia na kusinyaa kukafuata baadaye. Nimeona watu wakiizungumzia mashine kama hakimu wa mwisho, kwamba tukiwa na IRM tutajua nani mgonjwa na nani mhuni. Ugonjwa huu hautoi heshima hiyo kwa mashine. Ishara tano kati ya zile sita zinatoka hasa kwenye masimulizi. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuzitoa, kwa sababu haoni kilichobadilika; atamwambia daktari kwamba yuko salama na mke wake ndiye mwenye kelele. Kipimo cha kwanza cha DFT, hapa na Paris, ni mtu wa nyumbani anayesimulia.

Swali linalonishika basi ni hili: nyumbani kwetu tunajua kusimulia namna hiyo?

Mke atakwenda hospitali na kusema mumewe hali vizuri na halali. Hatasema alivua shati kanisani. Hatasema alimshika msichana wa kazi. Aibu ambayo mumewe hanayo tena imehamia kwake yote. Anaibeba sokoni, anaibeba kwenye mkutano wa akina mama, na anaificha mbele ya daktari, mtu pekee ambaye ingemfaa kitu. Kaka za mume watasimulia pia, lakini wao wataanzia kwenye nyumba na kwenye swali la nani alimlisha nini. Mtoto wa kiume, aliyetukanwa mbele ya rafiki zake, atasimulia kwa hasira, na haki yake. Kila mmoja ana kipande cha kweli, na kila kipande kimeshatiwa hukumu kabla ya kufika mezani. Daktari anachohitaji ni kitu kikavu zaidi: alianza lini, alifanya nini, mbele ya nani, kabla ya hapo alikuwa mtu wa namna gani. Kusema jambo baya la mtu unayempenda, kwa ukamilifu, bila kulipunguza na bila kumtia hatiani, ni adabu ambayo sidhani tumeilea. Tumelea adabu ya kusitiri, na tumelea sana ufundi wa kushitaki.

Na bila masimulizi hayo daktari anaweza kukosa jambo la dharura, maana si kila aliyebadilika tabia ana DFT. Kaswende iliyofika ubongoni hubadili tabia, na dhidi yake tuna penisilini. Virusi vya Ukimwi, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi, damu iliyojikusanya polepole baada ya kuanguka, uvimbe nyuma ya paji: vyote vinaweza kuvaa sura ile ile, na vingi vina tiba. Familia inayomaliza mwaka mzima kwenye milima ya maombi ikifukuza pepo inaweza kuwa inapoteza mwaka ambao sindano zingefanya kazi.

Kongo ingepaswa kulielewa hili kabla ya wengine, kwa sababu ya malale. Kimelea cha mbung'o kikifika ubongoni, mtu hulala mchana na kuzurura usiku. Mpole anakuwa mkali, msafi anaacha kuoga, anapiga watoto, anavua nguo. Vizazi vya Wakongo viliwaona watu hao wakifungwa kamba au kufukuzwa. Kisha ikaonekana kwamba ukikiua kimelea, wengi wanarudi. Dawa ya zamani, melarsoprol, ilitokana na aseniki na yenyewe iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20. Mwaka 2018 kikaidhinishwa kidonge cha fexinidazole, na majaribio yake makubwa yalifanyika hapa hapa Kongo, yakiongozwa na daktari Mkongo, Victor Kande. Nchi iliyowaona watu wake wakirudishiwa upole kwa vidonge haina sababu ya kushangaa kusikia kwamba upole unaweza kuibwa na ugonjwa. Tofauti, na ni tofauti chungu, ni kwamba DFT haina wa kurudi.

Kwa nini basi hatuisikii? Sehemu ya jibu iko kwenye namna ya kutafuta. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kuanzia 2009 na kuwapima watu 1,198. Wakakuta demenshia kwa asilimia 6.4 baada ya kusawazisha umri. Kazi nzuri, ila iliwahusu wenye miaka 70 na zaidi. Kinshasa, Jean Ikanga na wenzake wametazama damu na ubongo wa Wakongo wakifuatilia Alzheimer. Wavu wa miaka 70 hauwezi kumnasa mhasibu wa miaka 54. Yeye huwa anapatikana kwingine: kwenye orodha ya waliofukuzwa kazi, kwenye talaka, kituo cha polisi. Mwaka 2015 Madeleine Liljegren na wenzake walipitia mafaili ya wagonjwa 2,397 wa kituo kimoja cha California. Kwa wenye Alzheimer, waliofanya kosa la jinai ndani ya ugonjwa walikuwa asilimia 7.7. Kwa wenye DFT ya tabia walikuwa asilimia 37.4. Mengi yalikuwa wizi mdogo, ufidhuli wa kijinsia, kuvunja sheria za barabarani, kuingia mahali bila ruhusa. Fikiria mambo hayo hayo yakitokea kwenye soko la mtaa wetu wa Kenya, katikati ya vijana wanaosubiri mtu wa kupigiwa kelele ya mwizi.

Lubumbashi ina mahali pa kuanzia. Kituo cha magonjwa ya akili cha Mabruda wa Upendo, Frères de la Charité, kinabeba jina la Joseph Guislain, daktari wa Gent ambaye mwaka 1828 alianza kuwatibu watu ambao mji wake ulikuwa umewafunga minyororo katika ngome ya kale. Mitaani watu huutaja mlango huo kama tusi: "huyu apelekwe kwa Guislain." Natamani tuache mzaha huo, si kwa sababu za ustaarabu tu. Mke wa Katuba anausikia kila siku, na ndiyo maana atakwenda kila mahali kabla ya kwenda huko.

Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alichapisha mjini hapa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Kilipingwa sana, na mshairi Aimé Césaire hakukihurumia, kwa haki, maana kiliwasifu watu kwa falsafa huku kikiwaacha chini ya kiboko. Hata hivyo jambo moja ndani yake linanifaa hapa: kwamba uhai wa mtu si kitu kilichofungwa ndani ya ngozi yake, unaongezeka na kupungua, na umeshikwa pamoja na watu wake. Nikilitazama kwa macho ya ugonjwa huu, naona mzigo zaidi kuliko faraja. Huruma ikimtoka mtu, wengine watalazimika kuwa nayo kwa niaba yake, hata mbele ya wale anaowaumiza. Haya ikimtoka, mtu mwingine atashika mkono wake kanisani na kumtoa nje taratibu. Kazi hiyo ina jina la mtu maalumu, na karibu kila mara ni la mwanamke.

Kwa hiyo siwaambii wake kwamba wasamehe. Msamaha unamhusu aliyekusudia, na huyu hakukusudia. Lakini kiwanja kimeuzwa kweli, msichana wa kazi ameshikwa kweli, na neno "mgonjwa" halirudishi chochote. Nafikiri kinachodaiwa kinakuja kabla ya msamaha na ni cha mikono zaidi: funguo za gari zifichwe, hati ya nyumba itoke kabatini iende kwa mtu wa kuaminika, msichana asiachwe naye peke yake, benki ielezwe. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inampa hakimu uwezo wa kumwekea mtu mzima aliyepotewa na akili mwangalizi wa mali zake. Mara nyingi hatua hiyo inaogopwa kama kumzika mtu akiwa hai. Mimi naiona kama njia pekee ya kuzuia watoto wake wasije wakamchukia kwa umaskini ambao hakuujua.

Limebaki jambo la damu, na hapa sina amani. Baadhi ya DFT hurithiwa. Jeni tatu zinajulikana vizuri, MAPT tangu 1998, GRN tangu 2006 na C9orf72 tangu 2011, na mzazi mwenye hitilafu katika moja ya hizo anampa kila mtoto nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea. Kwenye ukoo ambao tayari umesema bulozi, taarifa hiyo itapokelewa vipi? Watasikia hospitali ikithibitisha walichonong'ona: kwamba kitu kibaya kiko katika damu ya nyumba ile, na kwamba binti zake wasiolewe. Daktari atakuwa amesema kweli na kweli hiyo itatumika kama jiwe. Bado sioni kwamba watoto wanyimwe. Ningetaka tu aliye na habari hiyo awaulize kwanza wao wenyewe kama wanataka kuijua, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, na wajomba wakiwa hawajaitwa.